Sura ya Tisa: Betri Iliyoshiba

Hati ya mashtaka ilichapwa kabla basi halijapoa.

Inspekta aliisoma akiwa wima, saa mbili kasorobo asubuhi, mkoba ungali begani. Ilikuwa nusu ukurasa. Dereva wa basi la umeme, mwanamume wa miaka arobaini na saba, aliendesha kwa uzembe kwenye mteremko mkali, akashindwa kulimudu gari, akaua watu kumi na mmoja. Hakimu angekwenda kumsomea wodini saa tisa alasiri, maana mshtakiwa hawezi kusimama. Nyonga imevunjika mara mbili. Hata hivyo walikuwa wamemfunga pingu kwenye chuma cha kitanda, utadhani mtu wa namna hiyo ataruka dirisha.

"Nani kaichapa hii?"

"Imetoka juu," alijibu Mkuu wa kituo bila kuinua macho. "Wewe tia sahihi hapo chini, basi. Si wewe ndiye mpelelezi wa kesi?"

"Gari limekaguliwa?"

"Litakaguliwa."

"Lini? Akishafungwa?"

Mkuu akapiga miayo. Inspekta aliwahi kuona miayo ya namna hiyo. Miaka kumi na tisa kazini, hakuwa amesahau hata mmoja. Basi lililokatika usukani: kosa la dereva. Lori la mafuta lenye matairi ya upara: dereva. Daraja lililojengwa kwa mchanga mtupu: dereva, tena yule alikuwa marehemu, hakuweza kubisha. Na kila mara mwenye mali alikuja mazishini na miwani myeusi, akapigwa picha ameinamisha kichwa, na kabla udongo haujakauka akawa ameshaingiza gari jingine barabarani.

"Sisaini nisichokiona," alisema. "Nina mpaka saa tisa."

"Usituletee maneno, afande."

"Maneno mmeshayaleta nyinyi. Haya hapa." Akaikunja hati, akaitia mkobani.

Nje, kwenye ngazi za kituo, mwanamke mmoja alisimama alipomwona. Alikuwa mke wa dereva. Kanga yake ilikuwa na vumbi la kulala kwenye benchi.

"Dada, nakuomba neno moja. Unajua madereva wenzake wanamwitaje? Taratibu. Abiria wanamtukana kila siku kwamba anawachelewesha. Leo ndiye wa kukimbiza gari?"

"Amekuambia nini?"

"Hawaniruhusu kuingia. Wameniambia mke wa muuaji akae nje."

Inspekta aliikaza kamba ya mkoba begani. Alimgeukia Sajini wa trafiki, mtu mnene aliyekuwa akimsubiri kwenye gari huku akimalizia andazi, akamwambia, "Twende. Na uendeshe kama mtu aliyekasirika."

"Mimi nikikasirika naendesha polepole, afande."

"Basi nitakasirika mimi kwa wote wawili."

*

Mabaki ya basi yalikuwa yamevutwa hadi yadi ya kampuni yenyewe, juu ya mlima. Ilikuwa kama maiti imerudishwa kwa mtuhumiwa ili aioshe. Inspekta aliuliza nani katoa amri hiyo, akaambiwa hakuna aliyetoa, ilitokea tu.

Basi lilikuwa limelala ubavu, rangi yake ya kijani imechunika. Ubavuni palikuwa bado panasomeka maandishi makubwa: SAFARI BILA MOSHI.

Sajini alimwonyesha mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na chupa ya pombe kali, imebaki robo.

"Imepatikana jana jioni chini ya kiti cha dereva. Walinzi wa kampuni ndio walioiona."

"Nyinyi mlipekua lini?"

"Juzi, mara mbili. Hatukuiona."

"Damu ya dereva?"

"Hospitali wanasema safi. Hakuna kitu."

Inspekta aliichukua chupa, akaizungusha kwenye mwanga wa jua. Halafu akaangalia basi. Vioo vyote vya madirisha vilikuwa vimekuwa chenga. Taa zote zimesagika. Kioo cha mbele kimetapakaa hadi kwenye viti vya nyuma.

"Gari limebingirika mara mbili, Sajini. Hakuna kioo kilichobaki hata cha kujitazamia. Halafu chupa hii imekaa imetulia chini ya kiti, haina hata ufa?"

Sajini akakohoa. "Sasa unavyosema..."

"Sisemi mimi. Chupa ndiyo inayosema. Weka alama, tutamtafuta mwenyewe baadaye. Lala chini uniangalizie breki."

Sajini alivua kofia, akajilaza kwenye kokoto kwa kelele nyingi, akaingiza tochi. Alikaa huko dakika kumi. Alipotoka, utani ulikuwa umemtoka.

"Diski zote zimegeuka bluu. Pedi zimeungua, zimekuwa majivu. Siyo gurudumu moja. Magurudumu yote, sawasawa."

"Maana yake?"

"Kama ni pedi mbovu, ingeungua moja, au upande mmoja. Hizi zimeungua pamoja. Huyu mtu alikanyaga breki toka juu mpaka alipoangukia. Kilomita kumi na moja."

"Mlevi anaweza? Aliyesinzia?"

"Afande, aliyesinzia hakanyagi chochote."

Pembeni ya yadi yaliegeshwa mabasi mengine matatu ya aina ile ile, ndugu wa yule aliyelala ubavu. Inspekta aliyaangalia kwa muda. Kisha akasema, "Angalia na hayo."

"Hayo hayajaanguka."

"Ndiyo maana."

Safari hii Sajini alichukua dakika tano tu. Alijifuta mikono kwenye suruali, akikunja uso kama mtu aliyepewa hesabu isiyolingana na jibu lake.

"Pedi mpya kabisa. Hazijaliwa hata robo."

"Wamebadilisha lini?"

"Hazijabadilishwa. Ni zile zile za kiwandani, zina alama. Miezi minne yanapanda na kushuka mlima huu kila siku, na pedi ziko kama za dukani."

Inspekta alipiga hesabu. Gari la tani kumi na nane linashuka mlima kila siku kwa miezi minne, na breki hazichakai. Kuna kitu kingine kilichokuwa kinalishika. Na siku ya ajali, kitu hicho kilimwachia dereva peke yake na kanyagio.

*

Kibanda cha chaja kilikuwa nyuma ya yadi: mashine mbili kubwa kama makabati ya nguo, kebo nene kama mkono wa mtu mzima, na mwanamke wa makamo aliyevaa glavu za mpira. Wafanyakazi walimwita Mama Chaja. Kazi yake ilikuwa kuchomeka na kuchomoa, na alilisema hilo kabla hajaulizwa.

"Mimi nachomeka na kuchomoa tu, afande. Mengine sijui."

"Sijakuuliza mengine bado. Hapa ukutani palikuwa na nini?"

Ukuta ulikuwa mweusi kwa vumbi, isipokuwa mahali pamoja, juu ya mashine ya kwanza, palipokuwa peupe kwa umbo la karatasi. Kwenye pembe nne palibaki vipande vya utepe wa gundi.

"Tangazo."

"La nini?"

"La usafi."

"Tangazo la usafi mahali pachafu namna hii? Nani kalibandua?"

Mama Chaja akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Mwanangu, usinitafutie makubwa. Nimebakiza miaka miwili nipumzike."

Inspekta hakumkazia. Aliigeukia mashine. Ilikuwa na kioo kidogo, na alipokibonyeza kikamletea orodha: tarehe, namba ya basi, saa ya kuchomeka, saa ya kuchomoa, asilimia ya betri. Mashine haikuwa na miaka miwili ya kungojea pensheni, ikasema yote. Sajini akasoma kwa sauti, Inspekta akaandika.

"Themanini na tano. Themanini na nne. Themanini na tano. Themanini na sita. Themanini na tano..."

"Endelea."

"Afande, ni hivyo hivyo miezi minne. Mabasi yote manne, hakuna lililopita themanini na sita."

"Mpaka lini?"

Sajini akateremsha orodha hadi mwisho. "Siku ya ajali, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Basi la Taratibu." Akakisogelea kioo. "Mia."

Inspekta alimgeukia mwanamke. "Mama. Tangazo lilisemaje?"

Mama Chaja aliangalia upande lilikolala basi, akaangalia kwingine haraka.

"Lilibandikwa Jumatatu jioni, tukapewa na maneno ya mdomo juu yake. Kuanzia kesho basi halitoki bila kufika mia kwa mia. Dereva atakayechomoa mapema aache na funguo. Lilikuwa na sahihi ya bosi. Jumanne asubuhi Taratibu alikuja kuchomoa kama kawaida yake, nikamwonyesha ukutani. Alilisoma mara mbili. Akaenda kusimama pale, akasubiri." Akazitupa glavu juu ya mashine. "Mimi ndiye niliyemshikia kebo, afande."

*

Fundi mkuu walimwita Waya. Walimkuta ndani ya karakana, kachuchumaa mbele ya sanduku la betri, na alipowaona alirudi kwenye kazi yake.

"Nina kazi."

"Na mimi. Kwa nini mabasi yalikuwa yanachomolewa themanini na tano?"

"Waulize madereva."

"Mmoja amefungwa pingu kitandani. Saa tisa atasomewa vifo kumi na moja. Wenzake wamejificha. Umebaki wewe."

"Nina watoto, afande."

"Nani hana?" Sauti yake iligonga mabati ya karakana, ikarudi. "Waliokufa hawakuwa na watoto? Taratibu hana? Mkewe amelala kwenye benchi la kituo, anaitwa mke wa muuaji, na wewe uliyekuwa unakula naye sahani moja unanificha namba!"

Waya aliweka bisibisi chini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipoanza kusema hakukatika.

"Kwanza nikuambie: gari si baya. Watu wataanza kusema umeme, umeme. Hapana. Nimeshika magari miaka ishirini na sita, sijashika zuri kama hili. Halina kelele, halina oili ya kumwaga kila mwezi, linapanda huu mlima kama linavutwa na kamba. Tatizo ni mtu anayenunua gari jipya kwa akili ya dizeli. Kwa dizeli, tangi likijaa umetulia. Si ndiyo? Sasa hili ukiliachia kwenye mteremko, mota inageuka jenereta. Inalivuta gari nyuma, na ule umeme inaurudisha kwenye betri. Hugusi breki. Unashuka mpaka bondeni umeweka mguu pembeni."

"Ndiyo maana pedi ni mpya."

"Ndiyo maana. Lakini umeme ule lazima uwe na pa kwenda. Betri ikiwa imeshiba, utaupeleka wapi? Mpe chakula mtu aliyeshiba, anafunga mdomo. Betri nayo inafunga. Na ikifunga, mota inaliachia gari. Unabaki na pedi. Tani kumi na nane, abiria hamsini na mmoja, kona ishirini na tatu."

Sajini alipiga mluzi wa chini.

"Na themanini na tano nani aliwafundisha?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna aliyetufundisha. Wiki ya kwanza kabisa Taratibu alishuka na tisini na saba. Akaona gari haliko kama jana. Akalisimamisha kona ya kwanza, akanipigia simu, nikamfuata. Tukalijaribu siku tatu likiwa tupu, asilimia moja moja, mpaka tukaipata namba. Tukawaambia wenzetu: chomoa themanini na tano, mlima utakujazia. Haikuandikwa popote. Ni kauli ya madereva tu."

"Na bosi?"

Waya alicheka, kicheko kibaya. "Bosi ana kijitabu cha wauzaji. Kinasema kilomita mia tatu na hamsini. Sawa, liwe tupu, barabara tambarare, kiyoyozi kimezimwa na upepo unakusukuma mgongoni. Pakia watu, jaza mizigo mpaka mlango wa buti ugome, washa kiyoyozi kule bondeni kwenye joto: mia mbili na arobaini, kama umeamka vizuri. Safari yetu ni mia mbili na ishirini. Mara mbili yameishiwa njiani. Mara ya pili abiria walilisukuma, wakajirekodi wanaimba. Nchi nzima ikacheka. Tuliomba chaja moja katikati ya safari. Akasema abiria hatakubali kukaa nusu saa. Kuna kifaa cha kuunguza umeme unaozidi, betri ikishiba kinaubeba. Akasema kitakula nafasi ya mizigo. Jumatatu akaja na dawa yake: jaza mpaka mwisho."

"Ulimwambia?"

"Nilipanda ofisini Jumatatu hiyo hiyo, na hizi nguo chafu. Nikamwambia: bosi, likijaa halishiki mlimani, namba ni themanini na tano. Akaniambia, Waya, wewe ni fundi wa kukaza nati, mambo ya mipango niachie mimi."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi na yeye." Aliinama. "Neno langu na lake. Unajua litakalosikika."

Inspekta alijua. Alitazama saa: tano na nusu. Alikaa juu ya tairi, akafikiri, kisha akamwita Mama Chaja, akawaambia wote watatu jambo moja kwa sauti ya chini. Sajini alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Afande, shetani angekuajiri."

*

Mkurugenzi wa kampuni alipenda kuitwa kwa cheo. Akigeuza mgongo aliitwa Kijani. Tai ya kijani, kalamu ya kijani, kapeti ya kijani. Ofisini kwake palikuwa na baridi ya kiyoyozi hadi Inspekta akahisi vinyweleo vya mikono vikisimama.

"Karibu, karibu afande. Chai? Maji?"

"Maswali."

"Nimewapigia wakubwa wako. Wamenihakikishia suala limekwisha. Masikini yule kijana. Tulimwamini."

"Ana miaka arobaini na saba. Uliagiza mabasi yachajiwe mpaka mia?"

"Niliagiza ufanisi. Hivi dereva anayetoka na betri pungufu, akawatupa abiria porini, ungemsifu?"

"Tangazo liko wapi?"

"Tangazo gani?"

"Kuna mtu aliwahi kukuambia kwamba betri ikijaa gari halishiki kwenye mteremko?"

Kijani hakusita hata kidogo. Kutosita kwake ndiko kulikomuudhi Inspekta kuliko yote. "Chaji na breki, wapi na wapi? Breki ni breki. Hilo nalisikia kwako leo, mara ya kwanza maishani mwangu."

"Leo. Mara ya kwanza."

"Andika hivyo. Afande, tuelewane. Tumeachana na moshi. Watoto wenu watapumua hewa safi kwa sababu yangu."

"Kumi na mmoja hawapumui hewa yoyote."

Hapo akakunja uso. "Magari yangu ni salama. Ningempandisha mama yangu mzazi, leo hii, sasa hivi."

"Mama tumwache apumzike," alisema Inspekta, akasimama. "Panda wewe. Nahitaji kulikagua basi likiwa kwenye hali ile ile ya Jumanne. Sheria inataka mwenye mali awepo."

Haikutaka. Ila alilisema kwa uso mkavu, na wafanyakazi walikuwa wameshajaa kwenye korido, wanasikia.

*

Saa saba na dakika kumi. Basi la pili lilisimama uani, kebo imechomekwa. Mama Chaja aliichomoa, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi getini:

"Mia kwa mia, bosi! Kama ulivyoamuru!"

Waya aliketi kwenye usukani. Kijani akakalishwa kiti cha mbele, Sajini pembeni yake na simu mkononi inarekodi, kajaza njia nzima kwa tumbo lake. Kwenye dashibodi, koti la trafiki lilikuwa limetundikwa juu ya kioo cha namba za betri.

"Mbona mmekifunika?"

"Jua linawaka sana," alisema Inspekta. "Na namba za nini? Chaji na breki wapi na wapi."

Basi likatoka getini bila sauti. Mita mia tatu kutoka pale barabara iliinama, na mbele ya kioo palikuwa na hewa tupu, bonde lote limetandazwa chini kama mkeka. Waya aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Inatosha," akasema Kijani. "Nina mkutano."

"Bado hatujafika mteremkoni."

"Nimesema inatosha. Geuza, Waya."

"Naendeshea polisi leo, bosi."

Pua ya basi ikainama. Kibao cha onyo la mteremko kikapita pembeni. Kijani alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili.

"Simamisha!"

"Kuna nini?" Inspekta aliuliza. "Breki ni breki."

"Simamisha, mtatuua! Likiwa limejaa hivi halishiki! Toeni chaji kwanza, lazima lishuke themanini na tano!"

Waya akakanyaga. Basi likasimama pale pale, kwa upole, kama lilikuwa linangoja kuambiwa.

Inspekta aliinama hadi uso wake ukawa karibu na tai ya kijani. Alisema polepole, kwa sababu angesema haraka angepiga mtu.

"Themanini na tano. Nani alikupa namba hiyo?"

"Sijui... fundi. Wote wanajua."

"Lini?"

"Sikumbuki."

"Simu inarekodi. Fundi alikupa lini namba hiyo?"

"Alikuja ofisini. Alikuja na manguo yake machafu, ananifundisha kazi! Jumatatu! Sasa nilijuaje kwamba ni kweli?"

Waya alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakimtikisika. Inspekta alinyoosha mkono, akavuta koti la trafiki. Kioo kikaonyesha: sitini na mbili.

Kebo ilichomekwa kwa macho tu; asubuhi nzima chaja haikupeleka umeme.

"Kesho yake ndiyo ulijua kwamba ni kweli," alisema Inspekta. "Na baada ya hapo ukabandua karatasi, ukaweka chupa. Sajini, mfunge pingu."

"Mbele au nyuma, afande?"

"Nyuma. Kapeti yake akaililie rumande."

Mkuu wa kituo alimpigia Inspekta simu mara nne wakiwa njiani. Ya tano ndiyo aliyopokea.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimekagua gari, mkuu."

*

Hakimu alifika wodini saa tisa na dakika tano, akakuta mashtaka hayana sahihi ya mpelelezi na mpelelezi ana mashtaka mengine. Alisikiliza rekodi mara mbili, akavua miwani, akaagiza mgonjwa afunguliwe. Mkewe akaruhusiwa kuingia. Hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumpangusa mumewe vumbi la kioo lililobaki kwenye nyusi, ambalo hakuna muuguzi aliyejisumbua kulitoa kwa siku tatu.

Inspekta alivuta kiti. Alibakiwa na kazi moja, maelezo ya shahidi. Neno hilo, shahidi, alilirudia mara mbili ili mtu huyo alisikie.

Taratibu alisimulia kwa sauti ya kukwaruza. Alisema alishuka kwa mwendo wa miguu. Abiria walimpigia kelele, mmoja akamwita bibi harusi. Hakuongeza mwendo. Kona ya saba harufu ikaanza. Kona ya kumi na mbili kanyagio likazama hadi sakafuni, akawapigia kelele wajishike.

"Hapo patatosha," alisema Inspekta.

"Hapatoshi. Andika kwamba nilikuwa najua."

"Kaka, wakili wa kampuni atalidaka hilo."

"Alidake. Niliijua ile namba kuliko mtu yeyote, mimi ndiye niliyeitafuta. Nilikiona kioo kinasema mia, nikawasha gari. Nataka waliofiwa wajue kwamba nilikiona."

Mkewe aliacha kupangusa. Inspekta akashika kalamu bila kuandika.

"Ungekataa, ingekuwaje?"

"Ningeacha funguo mezani. Angezichukua yule dereva mpya." Alifumba macho. "Alikuwa amesimama mlangoni, ana wiki mbili kazini, hata mvua ya huku hajawahi kuendeshea. Wangekufa wote hamsini na mmoja. Au labda watu wangeniona nimeacha funguo, wakauliza kuna nini, wasipande. Nimelifikiria hili siku tatu, afande, silipatii jibu. Andika yote mawili."

Inspekta akaandika yote mawili, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.